Kikombe Changu Mkobani

Nimekwenda na kikombe changu kwenye matanga ya Mabela,
nimekifunga kwenye leso, nimekitia mkobani
baina ya tasbihi na funguo za gari.
Kidogo, hakina mkono, mstari wake wa dhahabu
umekwisha kufutika upande ninaonywea.

Siku ya pili. Chumba kimejaa goti juu ya goti,
udi umetanda hadi kwenye taa,
na kila anayeingia anazunguka duara zima:
mkono, shavu, mkono, shavu,
Mungu akupeni subira, shavu.
Mimi nikaweka kiganja kifuani, nikainama.
Mwanamke wa tatu aliuacha mkono wake hewani,
ukakaa pale kama nguo iliyosahauliwa kambani.

"Bado wewe?" Ghanima akasema, kwa sauti ya kusikiwa.
"Korona tulishaizika, tukala na halwa yake."
Wakacheka. Hata wafiwa walicheka kidogo,
nami nikafurahi kwamba wamepata cha kuchekea.

Sikumwambia habari ya figo ya Zahran,
aliyopewa na dada yake,
wala vidonge vya saa mbili asubuhi na saa mbili usiku
vinavyoilaza kinga ya mwili
ili isimgundue mgeni aliye ndani.
Mafua ya Ghanima ni siku mbili na tangawizi.
Kwetu ni wiki tatu, na gari la wagonjwa.
Sikumwambia, maana nimechoka
kutoa cheti cha maradhi ya mume wangu
kila ninapotaka kusimama hatua moja nyuma.

"Mwenye kufisha ni Mungu," akasema mwingine, kwa upole.
Nikaitikia, kwa kuwa ni kweli.
Lakini ngamia, tumefundishwa, hufungwa kwanza;
na magari yenu huko nje, wenzangu,
nimeyasikia yakifungwa kwa rimoti, mlio mmoja mmoja.

Msikitini kwetu Hail wamebandua kanda zote za "simama hapa".
Zulia limepauka kwa jua na nyayo,
ila pale palipokuwa na kanda
pamebaki kijani kibichi, kama siku lilipotandikwa.
Zahran huchagua kimoja, pembeni.
Watu humvuta: sogea, ziba pengo.
Husogea.
Akirudi nyumbani hunawa hadi vidole vinakunjamana.

Na Ghanima naye.
Mwaka ule mama yake alizikwa na watu sita
waliovaa nailoni nyeupe hadi machoni,
yeye akitazama kwenye simu, ndani ya gari, vioo juu.
Labda ndiyo sababu hapendi kuiona barakoa.
Hakuniambia. Nami sikumuuliza.

Kisha kahawa ikaja.
Mulu, msichana wa Kihabeshi, dele mkono wa kushoto,
barakoa imeshushwa kidevuni
kwa kuwa bibi wa nyumba amesema inatisha wageni.
Vikombe vitatu, bakuli moja la maji, midomo arobaini:
kinanyweka, kinachovywa, kinakwenda kwa mwingine.
Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu bibi zetu,
na utamu wake naujua, msidhani siujui.

Nikafungua leso.
Kimya kile, wallahi, kilikuwa na uzito.
Mulu akakitazama kikombe, akanitazama mimi,
hakucheka, hakuuliza.
Akalipandisha dele hadi usawa wa bega
akamimina kutoka juu,
uzi mwembamba wenye harufu ya iliki,
hakumwaga tone,
na mdomo wa dele haukugusa kitu.

Nikanywa. Akaongeza.
Upande wa pili Ghanima alipaliwa na halwa,
akageuza uso upesi, akakohoa
ndani ya kiwiko,
kama tulivyofundishwa.

Nikatikisa kikombe: basi.